Wataalamu wanaohesabu samaki kwa mwangwi

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilometa za mraba 68,800, na hakuna wavu unaoweza kulizunguka lote ili kujua lina samaki kiasi gani. Kazi hiyo hufanywa kwa sauti.

Chombo kilichofungwa kwenye meli ya utafiti hupeleka majini mlio usiosikika kwa sikio la binadamu. Mlio huo husafiri karibu mita 1,500 kwa sekunde na, ukigonga samaki, hurudi kama mwangwi. Sehemu kubwa ya mwangwi hutokana na bondo, yaani mfuko wa hewa ulio tumboni mwa samaki, hivyo sangara mkubwa husikika kwa nguvu kuliko dagaa.

Tanzania, Kenya na Uganda zimekuwa zikishirikiana katika tafiti hizo tangu mwaka 1999. Kwa Tanzania, mhusika ni Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI).

Anayeitaka kazi hii hana budi kujua baiolojia ya samaki, fizikia, takwimu na kompyuta. Mwangwi hautaji jina la samaki. Ule wa dagaa na wa furu wadogo huweza kufanana, kwa hiyo nyavu hushushwa ili kuhakiki. Mafundi wa elektroniki na mabaharia nao huhitajika.

Kosa la hesabu lina gharama. Samaki wakikadiriwa kupita kiasi, ziwa huvuliwa kuliko uwezo wake. Wakikadiriwa pungufu, wavuvi huzuiwa bila sababu.