HOMA YA MAFUA NA NJIA ZA KUIZUIA

Watu wengi hudhani ya kuwa homa ya mafua huletwa na umande au mvua. Baridi peke yake haizai ugonjwa huu. Asili yake ni virusi, vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo humtoka mtu mmoja na kumwingia mwingine. Kwa kuwa njia zake zajulikana, twaweza kuziziba.

Wala tusiudhanie kuwa ni ugonjwa mdogo. Katika mwaka 1918 homa hii ilizunguka dunia nzima. Ilishuka Mombasa pamoja na abiria wa meli, ikapanda bara kwa njia ya reli, ikaingia hata vijijini. Ulimwenguni kote walikufa mamilioni ya watu. Hata siku hizi hukadiriwa kuwa huua watu 290,000 hadi 650,000 kila mwaka. Kijana mwenye nguvu hulala siku chache akapona. Lakini ugonjwa ule ule aweza kumpelekea bibi yake, naye asiinuke tena. Walio hatarini zaidi ni wazee, watoto wadogo, wanawake wajawazito, na wenye maradhi mengine.

Mgonjwa akikohoa au akipiga chafya, matone madogo ya mate hutawanyika, na walio karibu huyavuta. Mengine hubaki mikononi mwake, na mikono hiyo hushika kikombe, mlango, na mkono wa rafiki. Rafiki naye akijishika pua au macho, amejitia ugonjwa. Tena mtu aweza kuwaambukiza wenziwe tangu siku moja kabla hajajisikia vibaya. Ndiyo sababu usafi haufai kungoja mpaka homa iingie kijijini. Yapasa uwe desturi ya kila siku.

Basi twawashauri wasomaji wetu mambo haya. Kwanza, mtu akohoapo afunike kinywa na pua kwa kitambaa, au kwa kiwiko cha mkono, wala si kwa kiganja. Pili, tunawe mikono kwa sabuni na maji yanayomiminwa, tukiisugua kwa muda wa sekunde 20. Sabuni huharibu utando wa mafuta unaovifunika virusi. Sabuni ikikosekana, majivu safi na maji yaweza kutumika. Tatu, kila mtu awe na kikombe chake, na kata ya mtungini isitiwe kinywani. Nne, madirisha yafunguliwe, hasa madarasani na mahali walalapo watu wengi.

Twajua ya kuwa kumjulia hali mgonjwa ni desturi njema, na asiyekwenda hulaumiwa. Lakini nyumba yenye mafua ikijaa wageni, kila mmoja aweza kurudi kwake na homa. Afadhali mtu atoe salamu akiwa mlangoni, aache uji au kuni, kisha aende zake. Huko si kukosa adabu, bali ni huruma. Machifu na wazee wakianza wao, wengine hawataona haya kuwafuata. Walimu nao wasimlaumu mtoto aliyebakizwa nyumbani kwa sababu ya homa.

Mgonjwa apumzike na kunywa maji mengi. Akihema kwa shida, akiumwa kifua, au akichanganyikiwa, apelekwe hospitali upesi. Dawa za kuua bakteria haziui virusi hivi, basi asizinunue dukani kwa kubahatisha. Chanjo ipo, nayo hutolewa kila mwaka kwa sababu virusi hubadilika. Palipo na zahanati, na waulize.

Twawaomba wajuao kusoma wawasomee wenzao wasiojua. Kunawa mikono ni kazi ya dakika moja, lakini kumzika mzee wa nyumba ni msiba usiosahauliwa.