Machifu wa Ghana

Machifu wa Ghana ni watawala wa jadi wa makabila na miji ya nchi hiyo ya Afrika Magharibi. Ghana ni jamhuri inayoongozwa na rais na bunge waliochaguliwa na wananchi, lakini katiba yake ya mwaka 1992 inalinda pia nafasi ya machifu. Hawatungi sheria za nchi wala hawana jeshi, ila wana sauti kubwa katika masuala ya ardhi, mila na usuluhishi.

Kigoda na ngozi

Kwa Waakan, ambao ndio kundi kubwa zaidi nchini, alama ya utawala ni kigoda. Chifu akitawazwa husemwa ameketishwa kigodani, na akipoteza cheo husemwa ameondolewa kigodani. Kaskazini mwa nchi, kwa mfano kati ya Wadagomba na Wamamprusi, chifu huketi juu ya ngozi ya mnyama.

Kinachojulikana zaidi ni Kigoda cha Dhahabu cha Waashanti. Kadiri ya mapokeo, kuhani Okomfo Anokye alikishusha kutoka mbinguni kikatua magotini pa Osei Tutu, mwanzilishi wa Milki ya Ashanti. Huaminika kwamba kinabeba roho ya taifa zima, hivyo hata mfalme wa Waashanti, anayeitwa Asantehene, hakikalii.

Namna ya kumpata chifu

Kwa Waakan mtoto wa chifu harithi cheo cha baba yake, kwa kuwa ukoo huhesabiwa upande wa mama. Mara nyingi mrithi ni ndugu wa chifu kwa mama au mtoto wa dada yake. Jina hupendekezwa na ohemaa, yaani malkia mama. Huyu si lazima awe mama mzazi wa chifu: anaweza kuwa dada yake au ndugu mwingine wa ukoo. Wazee wana haki ya kulikubali au kulikataa jina hilo, na chifu anayevunja kiapo chake anaweza kuondolewa.

Historia

Mwaka 1896 Waingereza walimkamata Asantehene Prempeh I, wakampeleka Sierra Leone na baadaye, mwaka 1900, visiwa vya Shelisheli katika Bahari ya Hindi. Mwaka huohuo wa 1900 gavana Frederick Hodgson alidai apewe Kigoda cha Dhahabu. Waashanti walipigana chini ya uongozi wa Yaa Asantewaa, malkia mama wa Ejisu. Walishindwa, naye akahamishiwa Shelisheli, alipofariki mwaka 1921. Hata hivyo Waingereza hawakukipata kigoda hicho. Prempeh alirudishwa mwaka 1924, na mwaka 1935 umoja wa Waashanti ulirejeshwa chini ya Prempeh II.

Baada ya uhuru mwaka 1957, serikali ya Kwame Nkrumah ilitunga sheria zilizoipa serikali mamlaka ya kumtambua chifu au kumnyima utambulisho.

Nafasi yao katika katiba

Katiba ya mwaka 1992 ilifunga mlango huo: bunge haliwezi kutunga sheria inayompa mtu au chombo chochote mamlaka ya kumtambua chifu au kumfutia utambulisho. Kwa upande mwingine, chifu haruhusiwi kushiriki siasa za vyama. Akitaka kugombea ubunge ni lazima kwanza aache kigoda au ngozi yake.

Kila mkoa una Baraza la Machifu, nalo huchagua machifu wakuu watano kuingia Baraza la Taifa la Machifu. Mabaraza hayo husikiliza kesi zinazohusu uchifu, na rufaa ya mwisho huenda Mahakama Kuu Kabisa ya nchi.

Sehemu kubwa ya ardhi ya Ghana iko chini ya mila, na chifu huishika kwa niaba ya watu wake. Mapato ya ardhi ya kigoda hukusanywa na ofisi ya serikali, ambayo hubakiza asilimia 10. Kinachobaki hugawanywa hivi: asilimia 25 kwa kigoda, 20 kwa mamlaka ya jadi na 55 kwa halmashauri ya wilaya.

Migogoro

Kwa kuwa cheo huambatana na ardhi na heshima, kukosa makubaliano juu ya mrithi kunaweza kuleta maafa. Katika ufalme wa Dagbon, ambao makao yake makuu ni Yendi, nyumba mbili za kifalme za Abudu na Andani hupokezana utawala. Ugomvi kati yao ulifikia kilele mwezi Machi 2002, mfalme Yakubu Andani II alipouawa pamoja na watu kadhaa wa upande wake.

Serikali iliomba msaada wa machifu wakuu watatu: Asantehene Osei Tutu II pamoja na watawala wa Mamprugu na Gonja. Kazi yao ilichukua zaidi ya miaka 15. Hatimaye nyumba zote mbili zilikubali utaratibu wa mazishi na urithi, na Januari 2019 Abukari Mahama II alitawazwa kuwa mfalme mpya wa Dagbon.