Nasuri: Kisu, Uzi au Kufunga Mfereji?

Miongoni mwa maradhi yanayowatesa askari kimya kimya ni nasuri ya njia ya haja kubwa. Mtu asiyeogopa risasi huona haya kumwambia tabibu wa kikosi kwamba nguo yake ya ndani imelowa usaha. Wengi hujipaka dawa za bawasiri, ambazo hapa hazifai kitu. Kwani bawasiri ni mishipa iliyovimba, na nasuri ni mfereji utokao ndani ya njia ya haja hadi kwenye ngozi iliyo kando yake.

Kwa kawaida mfereji huo huanza na jipu. Vijitezi vya ndani huziba, usaha hujaa na kutafuta pa kutokea. Jipu likitumbuliwa maumivu hupoa, lakini kwa kiasi cha mgonjwa mmoja katika kila watatu mfereji hubaki wazi. Vidonge haviufungi. Ndipo upasuaji unapohitajika.

Ugumu wote umo katika misuli miwili inayoibana njia ya haja. Mwaka 1976 Sir Alan Parks wa London aligawa nasuri katika aina nne, kwa kuangalia jinsi mfereji unavyopita katika misuli hiyo, na mpaka leo madaktari hutumia mgawanyo wake.

Mfereji wa juu juu hupasuliwa kwa kisu na kuachwa wazi, upone kuanzia chini. Njia hii ni ya kale sana. Katika karne ya 14 Mwingereza John Arderne alimtibu hivyo Sir Adam Everingham, askari aliyeugua akiwa vitani Gascony, Ufaransa. Waganga wa huko walikuwa wamekata tamaa naye, akavua deraya na kurudi kwao kungoja kifo. Arderne aliandika kuwa alimponya kwa muda wa nusu mwaka, na mgonjwa akaishi zaidi ya miaka 30 baadaye. Hadi sasa kisu huponya zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100 wenye nasuri nyepesi.

Lakini mfereji ukipita juu, kisu hicho hicho hukata msuli mwingi, na mgonjwa huweza kushindwa kuzuia upepo, hata choo. Kwa mtu wa gwaride na doria, huko si kupona.

Kwa sababu hiyo hutumika uzi. Uzi uliolegea hupitishwa katika mfereji ili usaha utoke, pasipo kukata kitu. Ulio kaza hukata msuli polepole, na hatari yake haijaondoka. Wahindi wana uzi wao wa jadi uliopakwa dawa za mimea. Majaribio yaliyotangazwa huko mwaka 1991 yaliulinganisha na kisu: waliotiwa uzi walichukua kama wiki 8 kupona, na wa kisu wiki 4, lakini ugonjwa uliwarudia 4 tu katika kila 100 wa uzi, na 11 katika kila 100 wa kisu.

Njia ya tatu ilitangazwa na madaktari wa Thailand mwaka 2007. Daktari huingia kati ya misuli miwili, akaufunga mfereji na kuukata, na misuli ikasalimika. Hufaulu kwa takriban wagonjwa wawili katika watatu. Kwa nasuri ya juu, mwandishi wa makala haya angependelea njia hii, ijapokuwa hushindwa mara nyingi kuliko kisu: aliyeshindwa kupona aweza kupasuliwa tena, pengine kwa mfereji uliobaki mfupi, lakini msuli uliokatwa ni vigumu kuurudisha.

Basi, ndugu askari, kabla ya kutia sahihi muulize daktari mfereji unapita wapi, na msuli kiasi gani utakatwa. Kama una kikohozi cha muda mrefu au umepungua uzito, mweleze, kwani kifua kikuu nacho huleta nasuri, nayo huhitaji dawa zake. Umweleze pia mkuu wako kwamba kidonda kitahitaji kuoshwa kila siku kwa wiki kadhaa. Safari ndefu za garini zingoje.