Gari kuukuu la kambi: Hatari iko kwenye waya, si kwenye paneli

WAMILIKI wengi wa magari makuukuu ya kulala safarini, mathalan Volkswagen Kombi za miaka ya 1970 na 1980, hukimbilia kununua paneli za sola kabla ya kujua kilichofichika nyuma ya mbao za ndani. Paneli ndiyo sehemu rahisi ya kazi hiyo. Kinachoteketeza gari au kumuua mtu ni waya.

Gari la aina hiyo huwa na mifumo miwili ya umeme. Wa kwanza ni wa volti 12, utokao kwenye betri na kuendesha taa, pampu ya maji na friji ndogo. Wa pili ni wa volti 240, uletwao kwa kebo kutoka soketi ya kambini, jinsi meli iliyofunga gati inavyopewa stima ya nchi kavu. Nyaya za mifumo hii hazifai kupitishwa pamoja.

Hesabu huanza na friji, kwani ndiyo mlaji mkuu. Friji ya wati 45 inayonguruma nusu ya siku hutumia takriban wati-saa 540. Paneli ya wati 100 iliyolazwa juu ya paa, katika nchi iliyo kwenye ikweta kama Kenya, hutoa kati ya wati-saa 350 na 400 siku ya jua kali. Hivyo basi, paneli mbili zinahitajika. Betri ya asidi ya ampia-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini ikitumiwa kupita nusu mara kwa mara huharibika upesi. Mwezi Julai, mawingu yanapotanda Nairobi na Limuru kwa siku kadhaa, hesabu hiyo huporomoka, na hapo ndipo stima ya kambini huhitajika.

Nyaya za zamani hukauka na kupasuka ngozi. Isitoshe, kila aliyewahi kulimiliki gari huwa ameongeza waya wake kwa namna yake, pengine kwa kuufunga kwa utepe tu. Heri kuzing'oa zote. Kila waya utokao kwenye betri uwekewe fyuzi karibu kabisa na betri yenyewe, kwa sababu betri ya volti 12, ambayo haiwezi kumrusha mtu, yaweza kuufanya waya mwembamba kuwa mwekundu kama kaa. Kidhibiti cha chaji nacho huunganishwa na betri kwanza, kisha paneli.

Upande wa volti 240 ndio usiosamehe. Bodi ya gari ni chuma kitupu kilichokalia mpira. Waya wenye umeme ukichubuka na kugusa bodi, gari zima hubeba umeme, na magurudumu huuzuia kuteremka ardhini. Mtu aliyesimama pekupeku kwenye nyasi zenye umande akishika mlango, yeye ndiye huwa njia. Kwa sababu hiyo, bodi sharti iunganishwe na waya wa ardhi, na swichi inayokata umeme unapovuja miliampia 30 iwekwe pale kebo inapoingia garini. Hata hivyo, soketi nyingine za kambini huwa na tundu la waya wa ardhi lisilounganishwa na chochote. Kifaa kidogo cha kupimia soketi hufichua hilo mara moja.

Kebo ya nje iwe ya nyaya tatu za milimita 2.5 za mraba, na ikunjuliwe yote. Ikiachwa imeviringwa huku birika likichemka, hupata joto hadi kuyeyuka.

Mwenye inveta huhitaji pia swichi ya kuchagua chanzo kimoja, ili inveta na stima ya kambini visikutane katika soketi zilezile. Kazi hiyo ya volti 240 ni ya fundi mwenye leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA. Kitufe cha majaribio kilicho kwenye swichi ya kinga hubonyezwa kila gari linapounganishwa. Isipojizima papo hapo, kebo ichomolewe.