Uhandisi Nje ya Jimbo: Chuo Kimoja, Milango Mingi

Mzazi aliyekulia Bukoba au Kisumu huja Marekani akiwa na picha moja ya chuo kikuu cha umma: ni cha nchi nzima. Mtoto wa Kagera aliyemaliza PCM (fizikia, kemia na hisabati) akapata uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hatozwi ada kubwa kuliko mtoto wa Kinondoni, wala hakuna anayeuliza baba yake analipa kodi mkoa gani. Huku sivyo. Chuo cha umma ni cha jimbo, kinalelewa kwa kodi ya wakazi wa jimbo, na mtoto anayetoka Ohio kwenda kusoma Georgia ni mgeni hata kama alizaliwa Marekani na pasipoti anayo. Kila msimu wa maombi napigiwa simu na familia zetu zilizoligundua hilo baada ya barua ya kukubaliwa kufika na vigelegele kupigwa. Ningependa walijue mapema zaidi.

Vyuo vya majimbo vinagombewa sana kwa uhandisi, na sababu yake ni ya zamani. Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitia saini Sheria ya Morrill. Serikali kuu iliyapa majimbo ardhi ya kuuza, na fedha zake zikaanzisha vyuo vya kufundisha kilimo na ufundi wa mitambo. Purdue ya Indiana, Illinois ya Urbana-Champaign na Texas A&M ni matunda ya sheria hiyo. Karakana ilikuwa sehemu ya vyuo hivyo tangu mwanzo. Lakini vilianzishwa kwanza kwa ajili ya vijana wa jimbo husika, na wabunge wa majimbo wanajua wapiga kura wao ni akina nani.

Matokeo yake ni viwango vilivyowekwa wazi. Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kimewekewa kikomo cha asilimia 18 kwa wanafunzi wapya wanaotoka nje. Texas inataka angalau asilimia 90 ya wanaoingia mwaka wa kwanza pale Chuo Kikuu cha Texas, Austin, wawe Watexas. California nayo iliweka kikomo mwaka 2017. Kwa hiyo usisome kiwango cha jumla cha udahili kinachotangazwa na chuo ukadhani kinamhusu mwanao. Georgia Tech ni mfano mzuri. Katika miaka ya karibuni, mwombaji wa Georgia amekuwa na nafasi ya karibu mmoja kati ya watatu, lakini wa kutoka nje ni karibu mmoja kati ya kumi. Hata tarehe zao za kuomba mapema zimetenganishwa: wakazi wanaomba katikati ya Oktoba, wageni wanasubiri mapema Novemba.

Hapo bado hatujagusa uhandisi wenyewe, na ndipo familia nyingi zinapojikwaa. Kukubaliwa chuoni si lazima kuwe kukubaliwa katika uhandisi. Texas inayo sheria ya mwaka 1997 inayowahakikishia nafasi wanafunzi bora wa kila sekondari ya jimbo, lakini hata kijana huyo mwenye haki kisheria hahakikishiwi uhandisi pale Austin, kwani idara huchagua watu wake yenyewe. Mgeni ndiye zaidi.

Kila chuo kina mlango wake. Purdue humwingiza mwanafunzi katika mwaka wa kwanza wa pamoja wa uhandisi, akaonja mambo, kisha akachagua kama ni umeme, mitambo, ujenzi au anga. Michigan nayo inamwacha mwanafunzi wa chuo cha uhandisi asome kwanza, tawi alichague baadaye. Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, huwaingiza wengi katika uhandisi bila tawi, kisha kuna mchujo wa ndani wa kuwapanga. Sayansi ya kompyuta pale ina mlango wa peke yake, na anayekubaliwa chuoni bila kuipata huambiwa tangu mwanzo kwamba kuhamia baadaye ni vigumu mno.

Kwa hiyo ule ushauri unaozunguka misibani na harusini, kwamba mtoto aombe fani isiyo na ushindani kisha ahamie uhandisi akishafika, mimi naupinga. Kwa mkazi wa jimbo ni kamari ya gharama ndogo. Kwa anayelipa ada ya mgeni ni hatari kubwa, maana mwaka mmoja ukipita bila kuhamia, fedha zimeteketea na masomo ya msingi ya uhandisi hayajaanza. Kabla ya kuomba, iandikie ofisi ya udahili swali moja: mwanangu akikubaliwa, atakuwa ndani ya chuo cha uhandisi tangu siku ya kwanza, na atapataje tawi analolitaka? Jibu walilete kwa maandishi.

Anayesoma faili la maombi anatafuta nini? Kwanza hesabu. Kalkulasi, fizikia na kemia za kiwango cha juu kabisa kinachopatikana katika shule yake. Hapimwi kwa masomo ambayo shule yake haifundishi, ila atapimwa kwa yale aliyoyakwepa. Mtihani wa SAT au ACT unategemea mahali: Georgia Tech, Purdue na Austin wanaudai, lakini vyuo vya Chuo Kikuu cha California haviutazami kabisa. Kisha kuna insha. Fomu ya pamoja ya Common App inatoa maneno 650. California inatoa maswali 8, mwombaji anajibu 4, kila jibu lisizidi maneno 350.

Kwenye insha vijana wetu huniumiza moyo. Wanaandika kwamba tangu utotoni wanapenda kutatua matatizo, sentensi ambayo msomaji wa faili ameikuta mara mia asubuhi hiyo. Na kumbe kijana huyo huyo Jumamosi hushinda chini ya gari na mjomba wake, au alifungua mashine ya kufulia iliyokataa kuzunguka, akakosea mara mbili, na mara ya tatu akajua ni mkanda uliokatika. Hiyo ndiyo insha. Aeleze alidhani nini, kwa nini alikosea, alipima vipi, na alipoishia. Mhandisi anaonekana katika namna anavyokosea na kurekebisha. Wazazi wengine wanaona aibu mtoto kuandika habari za gari bovu la familia. Msimzuie.

Sasa fedha. Purdue haijapandisha ada tangu 2013: mkazi wa Indiana hulipa dola 9,992 kwa mwaka, wa jimbo lingine dola 28,794, bado chumba na chakula. Na hiyo ni nafuu. Michigan ada ya mgeni inapita dola 60,000. Mkopo wa serikali kuu kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi ni dola 5,500 tu, kwa hiyo pengo linabaki mezani kwa baba na mama. Usitegemee pia kwamba mtoto atakuwa mkazi akishakaa huko. Majimbo mengi yanataka miezi 12 ya makazi ya kweli, na kuhamia kwa ajili ya masomo hakuhesabiwi. Kijana anayetegemea wazazi kwa kawaida hufuata jimbo la wazazi.

Ipo mikataba inayopunguza mzigo, na watu wetu hawaitumii vya kutosha. Familia iliyoko Minneapolis, ambako Waafrika Mashariki ni wengi, inaweza kumpeleka mtoto vyuo vya umma vya Wisconsin kwa ada inayokaribia ya nyumbani, kwa makubaliano kati ya jimbo lao na Wisconsin. Majimbo ya Magharibi yana mpango ambao mgeni hulipa si zaidi ya mara moja na nusu ya ada ya mkazi, ingawa si kila chuo wala kila fani imo, na uhandisi ndio mara nyingi huachwa nje. Ulizeni kwa jina la fani.

Kipimo changu cha mwisho ni ithibati ya ABET, shirika linalokagua programu za uhandisi, inayotolewa kwa programu moja moja, si kwa chuo kizima. Majimbo mengi huihitaji shahada ya aina hiyo katika njia ya kawaida ya leseni ya mhandisi. Kama chuo cha jimbo lenu kina programu ya tawi analolitaka mtoto na ina ithibati, basi chuo cha mbali kinapaswa kuonyesha kwa nini mlipe mara tatu. Wakati mwingine kinaweza: uhandisi wa anga au wa nyuklia haufundishwi kila mahali. Mara nyingi hakiwezi.

Jibu la mwisho kwa vyuo vingi ni tarehe 1 Mei. Wazazi wenzangu, kabla ya siku hiyo ketini na mtoto, mchukue gharama yote ya mwaka, mtoe msaada ulioandikwa kwenye barua, mzidishe kwa miaka minne, na kila mmoja aione namba hiyo kabla amana haijalipwa.