Boila ya Mafuta Katika Nyumba ya Kupanga

Ireland Kaskazini, takriban nyumba mbili kati ya kila tatu hupashwa joto kwa mafuta. Ni mafuta ya taa yale yale tunayoyajua Afrika Mashariki, ila kule huletwa kwa lori na kujazwa kwenye tangi nje ya nyumba. Vijiji vingi vya England, Wales na Scotland visivyofikiwa na bomba la gesi navyo huyategemea.

Boila, mtambo unaoyachoma mafuta hayo, haina utambi. Pampu huyasukuma mafuta kwa shinikizo hadi kwenye tundu dogo mno la nozeli, yakatoka kama ukungu. Feni hupuliza hewa na cheche ya umeme huwasha. Usalama wote umo katika uwiano wa hewa na ukungu huo. Nozeli ikichakaa, au ndege akijenga kiota dohanini, mafuta hayaungui sawasawa. Hapo hutoka masizi, na pamoja nayo kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayonata kwenye hemoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyeivuta huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni homa ya mafua. Gesi hiyo hiyo ndiyo inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani.

Fundi hodari haridhiki kuutazama moto kwa macho. Huingiza kipimo dohanini akasoma viwango vya oksijeni na kaboni monoksidi. Huvuta moshi kupitia karatasi nyeupe aone kama utaacha weusi. Hubadilisha nozeli, huhakikisha vali ya usalama inakata mafuta joto likizidi, kisha huenda nje kutazama kama tangi lina ufa.

Kwa nyumba yenye gesi, sheria za Uingereza humlazimisha mwenye nyumba kuikagua kila baada ya miezi 12 na kumpa mpangaji hati. Kwa mafuta, England haina sharti la namna hiyo. Sheria ya mwaka 1985 humtaka mwenye nyumba atunze vifaa vya kupasha joto, na tangu Oktoba 1, 2022 lazima aweke king'ora cha kaboni monoksidi katika chumba chochote cha makazi chenye boila. OFTEC, shirika linalosajili mafundi wa mafuta, hushauri huduma kila mwaka na lina fomu maalumu ya nyumba za kupangisha, CD/12, lakini huo ni ushauri tu. Kwangu, pengo hilo haliteteeki. King'ora kinapolia, sumu imeshaingia chumbani. Ukaguzi ndio unaoizuia isitokee.

Kwa hiyo wewe unayepanga nyumba yenye tangi la mafuta, omba ripoti ya fundi kabla hujatia saini mkataba, na utazame tarehe yake. Ukiona kichwa kinakuuma ndani na kupoa ukitoka, zima boila, fungua madirisha, toka nje na umwone daktari siku hiyo hiyo.