Wanja wa manga na risasi iliyojificha ndani ya jina

YAPO maneno ya Kiswahili ambayo tumeyazoea mno hata hatuulizi tena yamebeba nini. Mojawapo ni wanja. Sote twajua kwamba wanja hupakwa machoni na kwamba hurembesha. Lakini je, wanja wenyewe ni kitu gani?

Jina lake la kale ni wanja wa manga. Manga ni Uarabuni, hasa upande wa Omani. Jina hili basi latuambia bidhaa ililetwa kutoka wapi. Halituambii imetengenezwa kwa kitu gani. Wapo wanaolitafsiri kuwa antimoni, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Wanasayansi walioupima wanja uliokutwa katika makaburi ya Misri ya kale waliona kwamba sehemu kubwa ilikuwa galena. Hata leo, baadhi ya wanja wa unga unaotoka Uarabuni na Asia Kusini umepimwa ukakutwa na galena hiyo hiyo.

Galena ni mbale, yaani jiwe lenye madini. Limeundwa kwa risasi na salfa: katika kilo moja ya galena safi, takriban gramu 866 ni risasi. Rangi yake ni kijivu cha fedha, na hung'aa kama chuma kilichosuguliwa. Ukilivunja, hupasuka vipande vyenye umbo la mchemraba. Ni zito, karibu mara saba na nusu ya maji ya ujazo uo huo, lakini ni laini, na husagika likawa unga mweusi unaometameta. Si ajabu warembo wa kale waliupenda!

Matumizi yake hayaishii machoni. Galena ndiyo chanzo kikuu cha risasi inayotengenezea betri za magari na kuta za kuzuia miale ya eksirei. Mara nyingi hubeba fedha pia. Redio za mwanzoni mwa karne ya 20 zilitumia kipande chake kunasa matangazo bila umeme. Hapa kwetu, galena inapatikana katika miamba ya Vitengeni, Kaunti ya Kilifi.

Sasa tulitazame neno risasi. Tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana mbili: metali yenyewe, na kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Siku hizi maana ya pili imeimeza ya kwanza. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliposhtaki kwa sababu ya sumu ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, wakashinda kesi mahakamani mwaka 2020, mtu aliyesikia habari hiyo juu juu angeweza kudhani ati walipigwa risasi. Kumbe risasi iliyowadhuru haikutoa mlio. Iliingia kwa hewa, maji na udongo.

Hapo ndipo suala la jina linapogeuka kuwa suala la afya. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa watoto, risasi hudhuru ubongo na uwezo wa kujifunza. Na mtoto mchanga ndiye anayepakwa wanja ili kumkinga na kijicho! Mtoto hufikicha macho, kisha vidole vikaingia kinywani. Marekani hairuhusu wanja wa aina hii kuuzwa kama kipodozi.

Sisemi kila wanja ni sumu, la hasha. Upo wa masizi na mafuta, na kalamu nyingi za wanja za siku hizi hutiwa rangi nyingine. Shida ni kwamba zote tunaziita wanja, na mama aliye sokoni hana neno la kumtenganishia huu na ule.

Pendekezo langu ni jepesi. Kamusi zetu zieleze wazi: wanja wa manga ni unga ambao mara nyingi ni wa galena, mbale ya risasi. Na tunapoandika kuhusu metali hii, tuseme "madini ya risasi", tusiliache neno peke yake. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wa wanja huu, ndani mna risasi.